Kufika Si Kuwahi

Kuna neno la Kiingereza ambalo vijana wa mjini tumelichukua mpaka tukalivalisha viambishi vyetu: "show up". Hakushow up. Angeshow up tu, hata mkono mtupu. Mimi nataka mtu anayeshow up. Utalisikia kwenye tuktuk inayoingia Kibokoni, utalisoma kwenye status za watu usiku wa manane, na ukilisikiliza vizuri utaona kwamba halizungumzii tena kufika mahali. Asili yake ni jepesi: mtu alingojewa pahali, akaonekana. Nduguye ni "turn up", ambalo Mwingereza hulitumia hata kwa ufunguo uliopotea ukaonekana chini ya kochi. Lakini sisi tumelipandisha cheo, limekuwa mizani. Ulipoanguka, nani alikuja? Hawa hapa, weka. Wale hawakuja, futa namba.

Mizani hiyo ina raha yake, sikatai. Inarahisisha hesabu. Shida yangu ni kwamba inahesabu kitu kimoja tu, mwili wa mtu kuonekana mahali siku fulani. Na lugha tuliyozaliwa nayo hapa kisiwani ina maneno kadhaa kwa jambo hilo, na kila moja lina hukumu yake.

Hebu anza na kutokea. "Alitokea tu." Hivi ndivyo tunavyosema juu ya mtu aliyekuja bila kutarajiwa, na ndivyo tunavyosema pia juu ya ajali, moto na jini. Kilichotokea hakikuomba ruhusa. Kuna kuwasili, neno la redio na viwanja vya ndege. Rais huwasili, shehena huwasili, mama yako hawasili. Kuna kufika, na hili lina watoto wengi. Ukilalia kwa mtu, umefikia kwake. Ukipeleka salamu, umezifikisha. Msiba ukikuangukia, umefikwa, yaani safari hii jambo ndilo lililosafiri na wewe ndiwe mahali. Na mpenzi aliyetulia husema "nimefika", akimaanisha haendi tena kwingine.

Halafu kuna kuwahi. Nitarudi kwake, maana nadhani huyu ndiye mwenye maneno.

Kwanza, mambo ya kisiwa. Mombasa mtu hafiki kwa bahati. Ukitoka kusini kuna feri ya Likoni, na feri haijali umeitwa saa ngapi. Ukitoka kaskazini kuna daraja la Nyali na foleni yake. Ukitoka bara kuna Makupa. Hata treni ya kisasa iliyoanza mwaka 2017 inakutangazia kwamba umefika Mombasa, kumbe imekushusha Miritini, na kisiwa chenyewe bado kiko mbele yako, nauli nyingine, jasho jingine. Kwa hivyo sisi ni watu tuliozoea kuongea juu ya kufika kabla hatujafika. "Nshafika" maana yake natafuta viatu. "Niko darajani" maana yake niko Bombolulu. Hakuna anayeudhika sana, maana wote tunajua kwamba baina ya mtu na miadi yake kuna maji.

Tena ukishaingia Mji wa Kale, bado hujafika. Nyumba za huko zilijengwa na watu waliofikiri sana kuhusu swala hili. Mlangoni kuna baraza, na mgeni wa kwanza hukaa pale, nje kabisa, anywe kahawa yake. Kuna daka, ambalo si nje wala si ndani. Halafu ndiyo ndani, nako si kwa kila mtu. Na kabla ya hayo yote kuna hodi. Unabisha, unangoja. Unabisha tena. Ya tatu ikikosa jawabu, adabu inakutaka uondoke bila kinyongo. Maana yake kufika ni kazi ya watu wawili. Mmoja anasema hodi, mwingine anasema karibu, na mpaka hilo la pili lisemwe, aliyesimama mlangoni ametokea tu. "Show up" unaweza kuifanya peke yako. Hodi huwezi.

Sasa kuwahi. Kitenzi hiki kina kazi mbili, na tunazitumia kila siku bila kustuka. Kazi ya kwanza ni kufika kabla ya wakati kwisha: nimewahi feri, amewahi swala. Kazi ya pili ni kuwa na jambo fulani maishani mwako: umewahi kufika Lamu? Sijawahi kuonja pweza. Sentensi moja inaweza kubeba zote mbili, na usijue ipi. "Sikuwahi kumuona babu." Je, alikufa kabla hujazaliwa, au ulishuka basi ukakuta wametoka makaburini? Kiswahili hakitofautishi, na sidhani ni umaskini wa lugha. Ni kama kinasema kwamba ambalo hukulikuta kwa wakati wake, kwako halikuwapo. Huwezi kusema ulikuwa nalo ila umechelewa kidogo.

Hiyo ni kauli kali. Kali hasa katika mji ambao maiti hailali ndani ikiwezekana. Wengi wetu Mji wa Kale ni Waislamu, na kwetu mazishi hayangoji. Mtu akifariki alfajiri, spika ya msikiti itatangaza, atakoshwa, ataswaliwa, na adhuhuri au alasiri jeneza liko njiani kuelekea Kikowani. Wanaume hupokezana mabega. Hata mpita njia asiyemjua marehemu huingia, akabeba hatua chache, akatoka. Ni mfano mzuri kabisa wa kufika kwa wakati: hatua kumi tu, hakuna anayejua jina lako, na mzigo kweli umepungua. Lakini mtoto wa marehemu aliye Nairobi akikosa ndege, atakuta udongo ushakauka juu. Akiwa Riyadh au Doha, ndiyo basi.

Huyo tumwambieje? Wahenga walituachia methali yake: kawia ufike. Imeandikwa kwenye matatu nyingi, pengine kwa sababu dereva hataki kuharakishwa, pengine kwa sababu anakwenda mbio na anahitaji dua. Ni methali ya huruma. Lakini iangalie vizuri. Inakuahidi kufika, haikuahidi kuwahi. Inamfaa aliye safarini, maana yeye atafika salama. Aliyekuwa akimngoja haimwambii chochote.

Kuna kisa kimoja hapa hapa kisiwani kinachoipima methali hii kuliko kisa chochote ninachokijua. Ngome ya Yesu tunaipita kila siku. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na watoto wa shule huingizwa mle kwa foleni, waonyeshwe mizinga. Mwezi Machi mwaka 1696 Waomani waliizingira. Mazingira yale yalichukua miezi 33. Ndani walikuwa askari wa Kireno, na pamoja nao Waswahili na Waafrika wengine waliokuwa upande wao kwa sababu zao mbalimbali. Njaa ikaja, tauni ikaja. Mwaka 1697 Wareno walikuwa wamekufa kiasi kwamba ulinzi wa ngome ulimwangukia Bwana Daud, mkuu kutoka Faza, akiwa na jamaa zake, wanaume wachache wa Kiafrika, na wanawake wa Kiafrika waliowazidi wanaume hao kwa hesabu. Wanawake wale wakapanda ukutani. Majina yao hayasomwi kwenye kibao chochote, na sidhani kama kuna aliyewauliza vita vile ni vya nani.

Msaada ulikuwa ukitafutwa kutoka Goa, ng'ambo ya bahari. Mara nyingine ulikuja. Merikebu moja, Santo António de Tanná, ilileta watu na vifaa mwaka 1697, kisha ikazama mbele ya ngome yenyewe. Mabaki yake yalianza kuchimbuliwa chini ya maji mwaka 1977, na baadhi ya vyombo vyake viko makumbusho pale ndani. Lakini tarehe 13 Desemba 1698 Waomani walipanda kuta, na ngome ikaanguka. Siku chache baadaye, kundi la merikebu za msaada likatokeza kutoka Goa. Zilikuja na kaskazi, upepo uleule unaoleta majahazi kila mwaka. Mabaharia wakatazama juu, wakaona bendera nyekundu ya Waomani. Wakageuza.

Simlilii Mreno. Mji huu aliuchoma mwaka 1505, na ngome ile aliijenga ili atukalie. Walioshangilia Desemba ile walikuwa na sababu zao. Ninachokitafuta hapa ni jambo dogo: zile merikebu. Zilifika au hazikufika? Kwa Kiingereza hakuna ubishi, zilishow up. Kwa methali, zilikawia zikafika. Kila nahodha angeweza kuapa mbele ya kadhi kwamba alikuja, bahari yote ile, wimbi kwa wimbi, na asingekuwa mwongo. Na bado kila mtu mwenye akili anajua kwamba hazikuwahi.

Kwa muda mrefu nilidhani kisa kinaishia hapo, kwamba somo ni zile siku chache. Wangeondoka Goa wiki moja mapema! Siku hizi nadhani siku hazikuwa tatizo kubwa. Tatizo ni kugeuza. Walipoiona bendera wakajua kazi yao imekwisha, kwa sababu walichokuwa wamekuja kukiokoa ni ngome. Waliokuwa ndani walikuwa wameuawa au wametekwa, na aliyetekwa bado ni mtu. Lakini hakuna merikebu iliyokuwa imetumwa kwa ajili ya mtu. Ilitumwa kwa ajili ya kuta, na kuta zilikuwa zimeshapata mwenyewe.

Hapo ndipo ninapoweka mstari wangu. Kuna anayekuja kwa ajili ya tukio, na kuna anayekuja kwa ajili ya mtu. Siku ya kwanza huwezi kuwatofautisha, wote wako kwenye foleni ya kutoa pole, wote wamevaa kanzu safi. Wanajulikana wakichelewa. Aliyekuja kwa ajili ya tukio akisikia limekwisha hugeuza, na anaona haya hata kupiga simu. Atasema moyoni, sasa nitaenda kusema nini, si yameshapita. Aliyekuja kwa ajili ya mtu anajua kwamba mtu bado yuko pale pale. Atabisha hodi hata kama vyombo vishaoshwa.

Na mila za hapa zinalijua hili kuliko mizani yetu ya mtandaoni. Ndiyo maana kuna matanga. Mazishi hayangoji, sawa, lakini msiba unakalishwa siku tatu ili walio Malindi na Tanga wapate kufika. Kisha kuna hitima, na wengine hufanya arobaini. Ni milango ya nyuma iliyoachwa wazi makusudi kwa wachelewaji. Waliotutangulia walijua hakuna mji wa bandari ambao watu wake wote wako nyumbani siku moja.

Lakini hata milango hiyo hufungwa, na wanaobaki ndani ndio wenyewe. Fikiria mjane anayekaa eda. Ni miezi minne na siku kumi. Siku tatu za kwanza nyumba haina pa kukanyaga. Wanawake wamejaa mpaka kwenye ngazi, sufuria za watu zimechanganyika, watoto hawajulikani ni wa nani. Kwenye simu kuna jumla ya rambirambi ambazo hata mwenyewe hawezi kuzisoma zote, zilizonakiliwa moja kwa moja na herufi zile zile. Siku ya nne wageni wanapungua. Wiki ya tatu anasikia spika ya msikiti ikitangaza jina la mtu mwingine, na umati uleule unahamia mtaa wa pili. Siku ya 20, siku ya 60, siku ya 90, yeye yuko dirishani, anahesabu. Hakuna spika inayotangaza siku ya 60.

Kwa hivyo msiba una saa zaidi ya moja. Iko saa ya tukio, hiyo imetangazwa, na ukiikosa umeikosa, kuwahi hakubembelezeki. Iko pia saa ya mtu, ambayo haijulikani kwa yeyote ila kwa anayekumbuka. Bi mkubwa anayepanda ngazi siku ya 60 na mkate wa sinia chini ya buibui amechelewa mazishi kwa miezi miwili. Kwa saa ya pili, amewahi.

Haya si ya misiba ya kifo peke yake. Nilipoacha chuo mwaka wa tatu kwa sababu ya karo, wiki ile ya kwanza simu haikutulia. Tuko na wewe. Usife moyo. Mtu fulani akaunda group kabisa, ikawa na watu 40 na jina zuri. Sikuwalaumu wakati ule na siwalaumu sasa, ilikuwa saa ya tukio na waliiwahi. Wiki mbili baadaye group ilikuwa ya matangazo ya viatu. Mwezi wa tano, nikiwa nimeshazoea kuulizwa "unafanya nini siku hizi" na kujibu "niko tu", akaja jamaa tuliyesoma naye sekondari, wala hatukuwa marafiki wakubwa. Alikuwa anatoka Marikiti. Akaketi barazani, akafungua gazeti lenye viazi karai, akaniuliza kama naandika bado. Hakutaja chuo. Tukala. Alipoondoka ilikuwa magharibi na mimi nilikuwa nimeshapata sentensi ya kwanza ya kitu. Kwa mizani ya "show up", yule alifeli: hakuwa kwenye group, hakutuma ujumbe, hakuonekana miezi mitano.

Najua mtu ataniambia, bana, hii ni kuwatafutia visingizio wachelewaji. Kila asiyekuja atajiita mtu wa saa ya pili. Ni pingamizi la haki, na jawabu langu ni kwamba saa ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza. Siku ya kwanza unabebwa na umati, mlango uko wazi, maneno ya kusema yako tayari, hata machozi yanaambukiza. Siku ya 60 mlango umefungwa. Unabisha mwenyewe, huna sentensi ya kukopa, na huenda ukaulizwa: ulikuwa wapi? Ni lazima uwe na jibu, na jibu likiwa ni udhuru wa kweli ulitaje, likiwa ni uvivu ulitaje pia. Asiyetaka kuulizwa swali hilo ndiye hujiambia yameshapita. Anayejiita mtu wa saa ya pili halafu haji hata hiyo ya pili, huyo hana saa.

Na aliye Riyadh? Wasichana wa hapa wanaofanya kazi za nyumbani kule Ghuba wamewahi kumzika mama kupitia simu ya mkononi, ikishikwa na binamu ambaye mkono wake unatetemeka. Wengi hawana ruhusa ya kuondoka, na nauli si ya mfukoni. Wanatuma pesa, na M-Pesa inalia nyumbani kabla ya jeneza kutoka. Kuna watu hucheka, ati pesa si kufika. Kweli, pesa si kufika. Ni kufikisha, na lugha imeliweka neno hilo katika ukoo mmoja na lenzake. Sanda imenunuliwa, chai ya matanga imepikwa, na aliyelipia hakuonekana kwenye picha yoyote. Huyo akirudi baada ya miaka miwili, na mkataba umeisha, kitu cha kwanza atakachofanya kabla ya kufungua masanduku ni kwenda makaburini kusimama na kusoma dua, kisha kwa shangazi zake, nyumba moja baada ya nyingine, kupewa pole ambayo kila mtu alikuwa ameshaisahau. Na watampa, kwa sauti ileile ya siku ya kwanza. Nimeona jambo hili mara kadhaa na halijawahi kunichosha: watu wazima wanaacha walichokuwa wakifanya, wanalia upya, ili aliyechelewa asilie peke yake. Ule ndio upande wa pili wa hodi. Bila wao kusema karibu, miaka yake miwili ya kungoja ingeishia mlangoni.

Ndiyo maana hukumu ya "show up" naiona imekaa kwa mtu mmoja wakati jambo ni la wawili. Tunamuuliza sana anayekuja: ulikuja? Ulikuja lini? Mbona hukuja? Ni nadra kumuuliza anayengojewa kama bado mlango wake unafunguka. Kufuta namba ni rahisi, na mara nyingine ni halali, maana kuna watu waliokuja kwa ajili ya ngome tu, na ngome yako ilipoanguka walikwenda zao. Lakini ukifunga mlango siku ya nne, utakuwa umewafungia pia wale ambao walikuwa bado kwenye feri.

Kama una mtu ambaye siku yake ilikupita, usitafute maneno mazuri ya kumtumia. Hayo alishayapata ya kutosha. Angalia ni siku ya ngapi sasa. Nunua kitu kidogo cha kula, kata kona uingie mtaa wake, ubishe hodi. Ukikosa jawabu, bisha ya pili, na ya tatu. Akikataa kufungua, ni haki yake, urudi kwa amani. Akifungua, huenda akakuuliza ulikuwa wapi, na hilo utamjibu mkiwa mmeketi.